Kutoka Pnyx Hadi Plataea: Safari ya Miji-Dola ya Wagiriki wa Kale

Jumamosi, Athene

Akropoli ina foleni tangu asubuhi. Ng'ambo yake, upande wa magharibi, kuna kilima cha Pnyx ambacho hakina foleni wala tiketi, unapanda tu. Juu ni uwanja wa mawe ulioinama, nyasi zimekauka, na mbele yako kuna jukwaa lililochongwa kwenye mwamba wenyewe. Hapa raia wa Athene walikutana mara 40 kwa mwaka katika karne ya 4 KK. Mpiga mbiu aliuliza, "Nani anataka kusema?", na aliyetaka akapanda akasema.

Nafundisha historia sekondari, Mombasa. Kila mwaka tukifika Ugiriki ya kale wanafunzi wanataka mikuki na ngao, basi. Safari hii nimekuja kutafuta jambo ambalo vitabu vyetu hulipita mbio: pale vita vilipoamuliwa. Nani aliinua mkono, nani aliulizwa, nani hakuulizwa kabisa. Nimefuatana na mjomba wangu, mtu wa Lamu, baharia mstaafu aliyetia nanga Piraeus zamani akakaa moja kwa moja. Ndiye dereva, ndiye mkalimani, na ndiye mbishi wa safari.

Ukisimama kwenye jukwaa hili usijidanganye kwamba umesimama aliposimama Pericles, kiongozi mashuhuri wa Athene wa karne ya 5 KK. Ni la karne ya 4 KK. Siku zake uwanja ulielekea upande mwingine. Lakini kilima ni kilekile, na kisa nilichotaka kukisimulia papa hapa ni cha mwaka 427 KK.

Mji wa Mytilene, kisiwani Lesbos, uliasi muungano ulioongozwa na Athene, ukazingirwa, ukasalimu amri. Baraza la raia likakaa hapa na hasira zake likapitisha kwamba wanaume wote wazima wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ikatumwa siku hiyohiyo kupeleka amri. Kulipokucha watu wakaanza kuona uzito wa walilolitenda, baraza likaitwa tena. Cleon akawashikilia wasibadili. Diodotus akamjibu, na ajabu ni kwamba hakuomba huruma hata chembe. Alisema sisi si mahakama, tupige hesabu ya faida: mkiua wote, mji utakaoasi kesho utaona kusalimu amri hakuna maana, nanyi mtauzingira mpaka mfilisike. Mikono ikainuliwa, ikakaribia kulingana, na Diodotus akapita kwa tundu la sindano.

Merikebu ya pili ikang'oa nanga, ya kwanza ikiwa imeitangulia karibu mchana na usiku mzima. Chombo cha vita cha wakati ule kilikuwa na wapiga makasia 170. Wajumbe wa Mytilene waliokuwa Athene wakawapakilia divai na unga wa shayiri, wakawaahidi zawadi nono wakiwahi. Watu wakala huku wanavuta makasia, unga umekandwa kwa divai na mafuta, wakalala kwa zamu. Walifika kamanda keshaisoma amri na anajiandaa kuitekeleza.

Mjomba, ambaye bahari ndiyo iliyomsomesha, aliniuliza, "Na ile ya kwanza ilipatwa na nini? Upepo wa mbele?"

"Hapana, mjomba. Thucydides, mwanahistoria wa Athene wa wakati uleule, anaandika kwamba upepo haukuwa tatizo. Ilikwenda polepole kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya kuchukiza."

"Ahaa. Basi mpwa wangu, usiwasifu wale wa pili peke yao."

Kisa hakiishii hapo, ingawa wengi hukiishia hapo. Waliohesabiwa kuwa viongozi wa uasi, zaidi ya 1,000 kwa hesabu ya Thucydides, waliuawa kwa kura ya baraza hilohilo.

Jumapili, Athene

Agora iko bondeni, mwendo mfupi kutoka Pnyx. Makumbusho yake yamo ndani ya ukumbi mrefu wa nguzo, Stoa ya Attalos, uliojengwa upya miaka ya 1950. Nilidhani tungemaliza kwa saa moja. Tulifungiwa.

Kitu cha kwanza ni bamba la marumaru lenye matundu membamba, safu juu ya safu. Raia aliyetaka kuketi mahakamani siku hiyo alichomeka humo kibamba chake cha shaba chenye jina lake. Pembeni kulikuwa na mrija uliotiwa vigololi vyeupe na vyeusi. Kikitoka cheupe, safu nzima imepata kazi. Kikitoka cheusi, safu nzima irudi nyumbani. Hakuna aliyejua asubuhi nani atakuwa mwamuzi mchana, kwa hiyo mwenye fedha za kuhonga hakujua ampelekee nani. Karibu yake kuna saa ya maji: vyungu viwili, kimoja juu ya kingine, chenye tundu chini. Maji yanakwisha kwa dakika sita, na hotuba yako imekwisha.

Halafu vigae. Mara moja kwa mwaka raia waliulizwa kama wanataka kumfukuza mtu. Wakikubali, siku ya kura kila mmoja alikuja na kigae kilichokwaruzwa jina. Kura zikifika 6,000, mwenye jina lililozidi aliondoka mjini miaka 10, bila mashtaka, bila utetezi, mali yake ikibaki kuwa yake. Katika kabati la kioo vipo vigae vyenye jina la Themistocles, mwana wa Neocles, vingi vikiwa vitako vya vikombe vya divai. Mwaka 1937 vilifukuliwa 190 vya namna hiyo katika kisima kimoja kwenye mteremko wa kaskazini wa Akropoli. Wachunguzi walipolinganisha miandiko wakakuta ni ya watu 14 tu. Inama uvitazame: herufi ya *theta* imezungushwa kwa mkono uleule, wa haraka na wa mazoea, kigae baada ya kigae. Kuna watu walikaa chini wakaandaa kura za kugawia wengine. Themistocles ndiye aliyeishawishi Athene itumie fedha ya migodi ya Laurion kuunda merikebu badala ya kugawana, na merikebu hizo ndizo zilizowashinda Waajemi pale Salamis mwaka 480 KK. Miaka isiyofika 10 baadaye akafukuzwa, na aliishia kupewa hifadhi na mfalme wa Uajemi.

Fedha ya Laurion ilichimbwa na watumwa. Hawa hawakuwa na kigae wala kibamba. Wanawake hawakuwa navyo, wala wageni hata kama wamezaliwa hapa. Sheria ya Pericles ya mwaka 451 KK ilitaka baba na mama wote wawe Waathene ndipo uwe raia. Ndani ya makumbusho haya hesabu zote ni za watu waliohesabiwa.

Mjomba alinasa kwenye ngao. Ni duara kubwa la shaba, limebondeka na kuliwa na kutu, na juu yake kumegongwa herufi za vitone: Waathene waliiteka kwa Wasparta, kutoka Pylos. Ngao za namna hii zilikuwa na kiini cha mbao. Mkono wa kushoto unapita kwenye pingu iliyo katikati, ngumi inashika mpini ulio ukingoni, kwa hiyo nusu ya ngao inachomoza kushoto na kumkinga jirani. Wewe ubavu wako wa kulia unamtegemea mwenzako. Thucydides, akieleza vita vya Mantinea vya mwaka 418 KK, anasema majeshi yote yakisonga huvutwa upande wa kulia, kila mtu akijibanza kwenye ngao ya aliye kuliani kwake. Sijui maelezo mengine mafupi ya vita vya safu yanayoshinda hayo.

Na Pylos? Mwaka 425 KK, Athene ikiwa vitani na Sparta, Wasparta walinaswa karibu na hapo kwenye kisiwa kidogo cha Sphacteria. Cleon alipayuka barazani kwamba makamanda ni waoga, yeye angewakamata. Nicias, mmoja wa makamanda, akamwambia basi nenda. Umati ukashikilia aende. Cleon akabanwa, akaahidi kumaliza kazi kwa siku 20, na akamaliza: watu 292 waliletwa hai, kama 120 kati yao wakiwa Wasparta halisi. Wagiriki walishangaa kwamba Msparta anaweza kuweka silaha chini.

Jioni tulipanda Akropoli kwa ajili ya wajibu tu. Parthenon ni nzuri kama wanavyosema. Ilijengwa kati ya 447 na 432 KK, na hazina ya muungano ilikuwa imekwisha kuhamishwa kutoka kisiwa cha Delos kuletwa hapa mwaka 454 KK.

Jumatatu, Marathon

Safari ya Marathon ni vitongoji kwa muda mrefu, halafu ghafla mashamba na bahari. Kaburi la Waathene ni kilima cha udongo kilichozungukwa na mizeituni. Ndani yake wamo 192, kwa hesabu ya mwanahistoria Herodotus, waliokufa mwaka 490 KK walipowazuia Waajemi ufuoni.

Hata hapa palikuwa na kura. Makamanda walikuwa 10, watano wakitaka kupigana na watano wakikataa. Mmoja wao, Miltiades, akamwendea Callimachus, aliyekuwa na kura ya 11, akamshawishi. Callimachus alikubali, na yeye mwenyewe akafa vitani.

Mji mmoja tu ulikuja kuisaidia Athene: Plataea, mji mdogo wa eneo la Boeotia, kila mwanamume wake aliyeweza kubeba silaha, waandishi wa baadaye wanataja watu 1,000. Wasparta waliombwa, wakasema sheria ya dini inawazuia kutoka kabla ya mwezi mpevu. Walifika 2,000 vita vimekwisha, wakaomba waonyeshwe maiti za Waajemi, wakasifu kazi, wakarudi kwao. Kuanzia hapo, kila ilipofika sikukuu kubwa, mpiga mbiu wa Athene aliomba dua ya heri kwa Waathene na watu wa Plataea pamoja. Nimeuandika mji huu kwenye daftari na kuupigia mstari, maana nitaufuata.

Kwa Mkenya, jina la mahali hapa lina maana nyingine pia. Mbio za Olimpiki za 2004 zilianzia huku na kumalizikia Athene, na Catherine Ndereba akapata medali ya fedha nyuma ya Mizuki Noguchi wa Japani. Mjomba alikuwa barabarani siku hiyo na bendera. Habari hiyo imetuchukua njia nzima ya kurudi.

Jumanne, barabarani hadi Sparta

Tumesimama kwenye mfereji wa Korintho, uliofunguliwa 1893, kilomita 6 na ushei, ukuta wa mwamba huku na huku. Kabla yake vyombo viliburutwa nchi kavu juu ya barabara ya mawe iliyovuka shingo ile ya ardhi. Mjomba alitazama chini kwa muda akasema hapo hapitishi chombo bila rubani. Nilitaka kupanda ngome ya Akrokorintho lakini ukungu ulikuwa umeifunika, tukaendelea.

Wakorintho hawa, ambao wengi wetu tunawajua kwa nyaraka za Paulo, ndio waliokwenda Sparta mwaka 432 KK kuwasukuma waingie vitani na Athene. Mabishano hayo yalifanyika mji tunaolala usiku huu. Barabara zake zimepandwa michungwa.

Jumatano, Sparta

Thucydides aliandika kwamba kama Sparta ingehamwa na yakabaki mahekalu na misingi ya nyumba tu, watu wa baadaye wasingeamini nguvu iliyosifiwa nayo. Na Athene ingepatwa na hayohayo, wangeidhania mara mbili ya ilivyokuwa. Alisema kweli. Mji wa leo ulipangwa upya karne ya 19, mwaka 1834. Kaskazini yake kuna shamba la mizeituni lenye mawe mawe, na hiyo ndiyo akropoli ya Sparta. Ukumbi wa michezo unaouona humo ni wa nyakati za Warumi. Karne nyingi hawakuwa hata na ukuta. Mbele ya uwanja wa mpira kuna sanamu ya Leonidas, mfalme aliyefia Thermopylae, watalii wanapiga picha, na nyuma yao mlima Taygetos umekaa kama mwenye nyumba.

Utawala wao ni wa ajabu kuueleza darasani. Wafalme wawili kwa wakati mmoja, kutoka koo mbili. Wazee 28 waliovuka miaka 60, ambao pamoja na wafalme walifanya baraza la watu 30. Na maefori watano waliochaguliwa kila mwaka, wenye uwezo hata wa kumshtaki mfalme. Wazee walichaguliwa kwa kelele: mgombea anapita mbele ya watu, watu wanapiga ukelele, na waamuzi waliofungiwa ndani ya nyumba bila kuona nje wanasikiliza nani ameshangiliwa zaidi. Aristotle aliuita mtindo huo wa kitoto.

Ndiyo maana kilichotokea mwaka 432 KK kinanivutia. Wakorintho wamekwisha kusema, wajumbe wa Athene wamekwisha kusema, mfalme Archidamus ametahadharisha kwamba vita hivi watawarithisha watoto wao. Efori Sthenelaidas akasimama na hotuba fupi, kisha akaitisha kura. Watu wakapiga kelele. Akasema hawezi kutambua kelele zipi zimezidi, basi wanaoona Athene imeuvunja mkataba wa amani wasimame huku, wasioona wasimame kule. Mbele ya wenzako wote, uhame ukasimame upande wa amani! Waliohama kwenda upande wa vita walikuwa wengi kwa mbali. Siamini kwamba hakusikia kelele.

Makumbusho ni madogo na yana mambo mawili ya kukaa nayo. La kwanza ni mabamba ya mawe yenye nafasi iliyochimbwa ya kupachika mundu wa chuma, zawadi za vijana walioshinda mashindano katika hekalu la Artemis Orthia. Mtoto wa kiume alichukuliwa kwa mama yake akiwa na miaka saba, akalelewa na dola. Mashindano yao, kwa mabamba haya, yalikuwa pia ya kuimba. La pili ni vinyago vya udongo vya hekalu hilohilo, nyuso za vikongwe zenye mikunjo mirefu na vinywa vilivyoachama. Hakuna anayetarajia vichekesho Sparta, lakini vile vinachekesha.

Hekalu lenyewe liko kando ya mto Eurotas, limezungushiwa uzio. Wakati wa Warumi palijengwa viti kulizunguka ili wageni waje kutazama vijana wakichapwa viboko. Wasparta walikuwa wamekwisha kugeuka maonyesho ya wenyewe.

Swali langu la nani hakuulizwa lina jibu kubwa kuliko lote hapa. Raia wa Sparta hakulima. Waliolima ni maheloti, wenyeji wa Laconia na hasa wa Messenia ng'ambo ya mlima, walioshindwa vitani na kufungwa kwenye mashamba yao wenyewe. Kila mwaka maefori wakiingia madarakani walitangaza vita dhidi yao, ili kumuua heloti isiwe dhambi ya damu. Thucydides anasimulia kwamba safari moja Wasparta waliwaambia maheloti wachague waliojitoa zaidi vitani, wapewe uhuru. Wakachaguliwa kama 2,000, wakavikwa mataji, wakazunguka mahekalu kwa furaha. Muda mfupi baadaye wakatoweka, na hakuna aliyejua kila mmoja aliuawa vipi.

Mjomba hakutaka chakula cha jioni.

Alhamisi, Messene

Barabara ya kuvuka Taygetos inapita kwenye bonde la Langada, kona juu ya kona, mwamba umeinamia gari. Ukishuka upande wa pili, Kalamata na bahari, halafu tena juu hadi kijiji cha Mavromati chini ya mlima Ithome.

Kama una siku moja tu ya kutoka Athene, njoo hapa. Mwaka 371 KK, pale Leuctra, Epaminondas wa Thebes aliwapiga Wasparta kwa kupanga safu ya kushoto yenye kina cha watu 50 badala ya wachache waliozoeleka. Wasparta halisi waliokuwapo walikuwa 700, wakafa 400. Sparta haikuwa na wa kuwaziba, maana uraia wake ulikuwa unapungua kizazi baada ya kizazi. Epaminondas akaingia Peloponnese, rasi ilipo Sparta, akawafungua Wamessenia, na mwaka 369 KK wakaanza kujenga mji wao. Ukuta wake ulizunguka kilomita 9 hivi, na vipande virefu bado vimesimama na minara yake. Lango la Arcadia ni ua wa mviringo wa mawe yaliyochongwa yakashikana bila saruji, na jiwe moja kubwa la mlango limeanguka upande, limelala kiegama. Barabara ya magari ya kijiji bado inapita hapo katikati. Tulisubiri trekta la mzee mmoja lipite.

Niliweka kiganja kwenye ukuta. Mtu aliyeweka jiwe hili huenda babu yake alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakipeleka mazao Sparta. Sparta haina ukuta wa kuonyesha. Watumwa wake wanao.

Mwongozaji mmoja pale alikuwa akiwaambia watalii wake kwamba Epaminondas ni mkombozi. Sawa. Ila Thebes hiyohiyo ndiyo nitakayoikuta kesho kutwa ikiwa jirani wa Plataea.

Ijumaa

Barabara tu, na mvua. Tumelala Athene.

Jumamosi, Plataea na Thebes

Mabaki ya Plataea yako chini ya mlima Kithairon, karibu na kijiji kidogo. Hakuna mtu. Kuta zimebaki magotini, nyasi na miiba, na chini yake tambarare inanyooka hadi Thebes, umbali usiofika kilomita 15.

Plataea haikutaka kumezwa na Thebes. Herodotus anasema mwanzo walijipeleka kwa Wasparta, nao wakawajibu: sisi tuko mbali, nendeni kwa Waathene. Nia yao, anaongeza, ilikuwa kuwatia Waathene matatani na Boeotia. Mjomba akasema hicho ni kisa cha kwao. Na kweli: baada ya Vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu kwa kuwahofia Pate na Wamazrui wa Mombasa ikamwita Seyyid Said wa Oman. "Jirani unamjua," alisema, "ndiyo maana unamwita wa mbali."

Mwaka 479 KK, kwenye tambarare hii, Wagiriki waliungana wakalimaliza jeshi la Uajemi. Thebes ilikuwa upande wa Waajemi. Pausanias, kamanda wa Sparta, alitoa sadaka katika uwanja wa mji na kuwaapisha washirika wote kwamba Plataea itaachwa huru na hakuna atakayeishambulia bila haki. Watu wa Plataea wakachukua jukumu la kutunza makaburi, ya Wasparta yakiwemo.

Masika ya mwaka 431 KK, usiku wa mvua, watu wa Thebes zaidi ya 300 waliingizwa mjini na wasaliti. Wenyeji walidhani ni wengi zaidi, wakanyamaza. Walipogundua ni wachache, wakatoboa kuta za nyumba kutoka ndani, chumba hadi chumba, wakakusanyika bila kuonekana barabarani, wakawavamia kabla ya mapambazuko. Wanawake na watumwa walikuwa juu ya mapaa wakiwarushia mawe na vigae. Lango lilifungwa kwa kutia ncha ya mkuki kwenye komeo. Mwanamke mmoja aliwapa baadhi ya wavamizi shoka wakakata komeo la lango jingine, wakaponea wachache. Waliokamatwa walikuwa 180, na Plataea ikawaua. Vita vya Peloponnese vilianza hivyo, kabla ya jeshi lolote kubwa kutoka.

Kisha Archidamus wa Sparta akaja na jeshi lake. Wakamkumbusha kiapo cha Pausanias. Hakikusaidia. Walibaki ndani watu 400 wa Plataea, Waathene 80, na wanawake 110 wa kuwaokea mikate, mji ukazungushiwa ukuta wa matofali. Chakula kilipokaribia kwisha, nusu yao waliamua kutoroka. Ili wajue urefu wa ngazi walihesabu safu za matofali ya ukuta wa adui, na walihesabu watu wengi kwa pamoja ili akikosea mmoja wengine wamsahihishe. Wakasubiri usiku wa dhoruba usio na mwezi. Walivaa kiatu mguu wa kushoto tu, wasiteleze topeni. Walipovuka, hawakukimbilia Athene. Walikwenda kwanza kwenye barabara ya Thebes, wakijua hakuna atakayewatafuta huko, wakaona mienge ya waliowafuata ikielekea upande mwingine. Wakafika Athene 212.

Nilitembea kwenye mstari wa ukuta nikijaribu kukisia walipovukia. Haiwezekani kujua. Mjomba alikuwa amekaa juu ya jiwe, amevua kiatu kimoja, anajaribu kutembea kwenye tope la jana. Akasema inashika kweli.

Waliobaki walisalimu amri mwaka 427 KK, mwaka uleule wa Mytilene, kwa ahadi ya kuhukumiwa kwa haki. Wakaja waamuzi watano kutoka Sparta. Hakuna mashtaka yaliyosomwa. Kila mtu aliulizwa swali moja: katika vita hivi umewatendea Wasparta na washirika wao jema lolote? Wakaomba waseme, wakasema mengi: Waajemi, makaburi, kiapo, na kwamba Sparta yenyewe ndiyo iliyowatuma kwa Waathene. Thebes nayo ikaomba kujibu. Mwisho wakarudishiwa swali lilelile, mmoja baada ya mmoja, kila aliyejibu hapana akatolewa akauawa. Hawakupungua 200, na Waathene 25 pamoja nao. Wanawake wakauzwa. Thucydides anasema bila kuzunguka kwamba Sparta ilifanya haya yote karibu kwa ajili ya Thebes, kwa kuwa iliihitaji. Athene, ambayo kikosi chake hakikuja kuwaokoa, iliwapa waliotoroka uraia wake.

Nafundisha Pylos na Salamis na Thermopylae. Hapa sijawahi kupafundisha.

Mchana tuliingia Thebes. Mji wa leo umekaa juu ya ule wa kale, kwa hiyo msingi wa kale unauchungulia kati ya duka la dawa na maegesho. Makumbusho ni mazuri sana na tuliyapa muda kuliko nilivyopanga.

Mwaka 335 KK Thebes iliasi utawala wa Makedonia. Alexander Mkuu alikuja mbio, akauteka mji, na waandishi wa kale wanataja waliokufa zaidi ya 6,000 na waliouzwa 30,000. Hatima ya mji aliwaachia washirika wake wa Kigiriki waliokuwa naye waiamue. Walikaa, wakajadili, wakapiga kura Thebes ibomolewe hadi chini. Miongoni mwa waliopiga kura walikuwamo watu wa Plataea. Nyumba moja iliachwa, ya mshairi Pindar, kwa amri ya Alexander.

Miaka 20 hivi baadaye, 316 KK, Cassander, mtawala wa Makedonia, aliamua kuujenga upya. Sehemu kubwa ya ukuta wa Thebes mpya ilijengwa na Waathene.